Njia mbili za kufikia ghala moja hazitoshi kulinda data ya umma

MOTO uliozuka Septemba 26, 2025 katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, ulianzia kwenye betri na kuzima mifumo zaidi ya 600. Pigo kubwa liliangukia G-Drive, hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 ziliteketea, na hapakuwa na nakala nje ya jengo hilo.

Wahandisi huhofia sana njia kukatika. Ndiyo maana seva huunganishwa na hifadhi kwa nyaya mbili zinazopitia swichi mbili tofauti, na programu maalumu huzichunga. Moja ikifa, data huelekezwa kwenye ya pili kabla mtumiaji hajang'amua lolote. Ni kinga nzuri, ila hulinda safari tu. Njia zote zikiishia chumba kimoja, moto mmoja watosha.

Hapa kwetu, wavamizi walipoilemea eCitizen Julai 2023, kilichozibwa ni njia. Eliud Owalo, waziri wa wakati huo, alisema hakuna data iliyopotea. Wananchi walihangaika siku kadhaa, kisha huduma zikarejea. Tusijidanganye kwamba ghala lenyewe lilijaribiwa siku hizo. Pasipoti, leseni na vyeti hupitia humo, na serikali hujivunia idadi ya huduma ilizoweka mtandaoni. Ni nadra kutuambia nakala zinakaa wapi, au ni lini zilijaribiwa kurejeshwa. Kamati ya Bunge inayosimamia mawasiliano inaweza kudai majibu hayo kabla ya bajeti ijayo.