Daftari la Wiki: Fungua Dirisha, Mlimani Kuna Bibi

Stesheni

Jumatatu asubuhi nilipita stesheni ya Moshi, nikasimama kidogo kuitazama reli. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika hapa 1911. Miaka ya 1990 treni ya abiria ilikatika, tukabaki na mabasi mpaka Desemba 2019 ilipopiga honi tena ikitokea Dar es Salaam. Miezi mitatu baadaye, tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini: msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), jirani yetu kabisa. Furaha ya treni na hofu ya maradhi zilitufikia msimu mmoja.

Desemba

Mchaga popote alipo, Desemba hupanda mlima Kilimanjaro kurudi kwao. Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, nyumba zilizofungwa mwaka mzima huwashwa taa. Abiria hushuka na maboksi, mchele wa sikukuu na kitenge cha mama. Lakini Moshi mjini si mwisho wa safari. Mwisho ni kule kihambani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba, alikokaa bibi wa miaka themanini akisubiri kukumbatiwa. Kijana anaweza kuumwa siku tatu akainuka. Bibi huenda asiinuke. Kwa hiyo anayekohoa ndani ya behewa ajue kuna mtu ambaye hakukata tiketi, naye yumo safarini.

Dirisha

Desemba 2020 nilisafiri daraja la pili la kulala, chumba cha vitanda sita. Usiku ulipoingia, mama mmoja alifunga dirisha.

"Mama, samahani, tuache hewa ipite kidogo," nilimwomba.

"Sawa baba, ila mwanangu ana kifua. Upepo huu utamwua."

Wote wawili tulikuwa na haki. Mzee wa kitanda cha chini ndiye aliyetupatanisha: mtoto akahamishiwa upande usiopigwa na upepo, akafunikwa shuka langu zito, dirisha likaachwa wazi shubiri moja mpaka kunakucha. Wakubwa tukabaki na barakoa zetu. Korona husafiri kwa hewa tunayopumua. Hewa ikifungiwa, virusi hujazana, ikipita hutawanyika. Katika behewa la kiyoyozi ambalo dirisha halifunguki, barakoa ndiyo dirisha lako.

Nimejifunza pia kwamba usalama na raha havigombani. Sweta, shuka, maji ya kunywa, kikombe chako na kipande cha sabuni vinaingia kwenye mfuko mmoja, na aliyejiandaa halazimiki kumfungia mwenzake hewa ili yeye apate joto.

Mikono

Wengi tunakumbuka ndoo za maji tiririka mlangoni mwa kila duka. Nyingi zimekauka, nyingine zimerudi jikoni. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa korona si dharura ya dunia tena, lakini maradhi hayakuishia hapo. Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023, ikarudi mwanzoni mwa 2025, na Machi mwaka huohuo wagonjwa wa Mpox wakathibitishwa nchini. Kila ugonjwa una njia yake: huu hupita kwenye hewa, ule kwenye majimaji ya mwili, mwingine kwenye ngozi kugusana na ngozi. Msafiri hawezi kuzikariri zote. Anaweza kunawa kabla ya kumenya chungwa alilonunua dirishani Korogwe.

Reli ya zamani

Hatukuwa wa kwanza kusafiri na maradhi. Mwishoni mwa 1918 homa kubwa ya mafua iliingia bandari ya Mombasa, ikapanda treni kwenda Nairobi na bara. Wakati huo jeshi la Waingereza lilikuwa limekwisha kuiunganisha reli ya Voi na yetu, pale Kahe, kwa ajili ya vita. Reli iliyobeba askari na mizigo haikuwa na namna ya kukataa ugonjwa. Anayeweza kukataa ni abiria.

Kata ya mbege

Mlimani tunakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kupokezana. Kata inatoka kwa mzee, inazunguka, na kuikataa ni kama kuukataa undugu. Mwaka ule wa korona, nyumbani kwetu kila mtu alipewa kikombe chake. Wazee walinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja wao alisema undugu umo kwenye pombe iliyopikwa pamoja, haumo kwenye mdomo wa kata. Maneno yale ningependa yabaki, hata maradhi yakiondoka.

Neno kwa msafiri

Kwa desturi yetu, aliyekosa huomba msamaha kwa jani la isale, na akilileta hakataliwi. Ukiamka siku ya safari una homa na kikohozi, usipande treni. Mpigie bibi simu, mwambie utakuja ukipona. Hapo hujakosa, wala huhitaji isale. Na ukiwa mzima, njoo: vaa barakoa wenzako wakikohoa, nawa mikono, na kabla hujalala, fungua dirisha.