Mkupuo au pensheni ya mwezi?

Mstaafu wa Tanzania anayedai mkupuo mkubwa haombi hisani, anapiga hesabu. Mwaka 1965 mchumi Menahem Yaari alionyesha kwamba asiyejua atakufa lini, na asiyekuwa na wa kumrithisha, hufaidika akigeuza akiba yake yote kuwa malipo ya hadi kifo. Lakini nani hapa nchini hana wa kumrithisha?

Kanuni za 2018 ziliweka mkupuo wa asilimia 25; kelele zikazidi, zikasitishwa Desemba hiyo hiyo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa waliozoea 50, na 35 kwa wale wa 25.

Mvutano wote huo umeacha kando kinachobaki, yaani pensheni ya mwezi. Shilingi 300,000 zisipoongezwa, na mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 14 zitanunua nusu tu ya bidhaa za leo. Aliyestaafu na miaka 60 atakuwa na 74, umri wa dawa nyingi. Vyumba vya kupangisha vya Mbagala, kwa upande wao, hupanda kodi pamoja na bei. Ndiyo maana mwalimu hukimbilia matofali, na mtaalamu wa mifuko humwita mfujaji!

Vyama vya wafanyakazi vingeweza kuachana kidogo na 33 au 40, na kudai nyongeza ya lazima ya kila mwaka inayofuata bei za sokoni. Hiyo itaigharimu mifuko fedha nyingi, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi sana.