Kamera ya Babu na Ukili wa Bibi

Siku hizi imezuka tabia, mijini na hata vijijini, ya kuviita vitu vya zamani kumbukumbu na kuvifungia kabatini. Mtu ana kamera aliyoachiwa na baba yake, haigusi. Ana mkeka uliosukwa na mama yake. Ameukunja na kuusimamisha nyuma ya mlango, naye hukalia wa plastiki ulionunuliwa dukani. Akiulizwa, hujibu kwa fahari kwamba anavitunza. Sisi twasema kwamba havitunzi, bali anaviua polepole, na sababu zetu twazieleza hapa.

Hivi karibuni tulifika Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, mahali mto Malagarasi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Wengi huijua Ilagala kwa muhogo na mawese yake. Tulikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akipiga picha za arusi, za ubatizo na za maulidi katika vijiji vya mwambao huo. Kamera yake, Yashica ya lenzi mbili, tuliikuta mezani kati ya sahani ya migebuka na bakuli la mawese, kama redio inavyowekwa mezani katika nyumba nyingine. Mara mjukuu mmoja akainyakua akatoka nayo uani. Sisi tulishtuka. Mzee akaendelea kumega ugali wake.

Kamera ya namna ile haiwekwi jichoni. Mpiga picha huishika usawa wa tumbo, akainamisha kichwa kama anayetazama kisimani, akaona sura ya mtu juu ya kioo. Ndani ya kioo hicho kushoto huwa kulia na kulia huwa kushoto. Mtoto anayetaka kumfuata kuku akimbiaye upande wa mto, hujikuta ameigeuzia kamera upande wa jiko. Watoto hawachoki kuuchekea mchezo huo. Haina betri wala haihitaji umeme. Springi na magurudumu yake ya chuma yatosha. Mkanda wake hutoa picha 12 tu, na kwa ajili hiyo kila picha hufanyiwa baraza. Nani akae mbele? Je, shangazi angojewe arudi kutoka ng'ambo ya mto? Tuliosoma shule za misheni twaikumbuka vema hali hiyo, kwani picha ya darasa ilikuwa moja kwa mwaka, na aliyefumba macho alibaki amefumba macho hadi leo.

Sasa tuseme juu ya kabati. Fundi yeyote wa kamera atakwambia kwamba adui mkubwa wa lenzi ni ukungu. Nao ukungu huota penye giza, unyevu na hewa isiyotembea, yaani ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa, hasa wakati wa masika. Ukishaota hutafuna uso wa kioo, na hata ukisafishwa mara nyingi alama zake hubaki. Grisi ya ndani nayo, mashine isipochezeshwa, huganda, na vile vijibamba vinavyoruhusu mwanga kupita hunasa visifunguke. Hivyo yule aliyeifungia kamera ya baba yake miaka 20 kwa heshima, siku atakapoifungua atakuta kipande cha chuma chenye jicho bovu.

Mkeka ni vivyo hivyo. Ukunje uufiche, nao mende na mchwa watakuwa wa kwanza kuushukuru ukarimu wako. Lakini katika mkeka kuna jambo kubwa zaidi. Mkeka unaokaliwa huchakaa, na ukichakaa hapana budi mtu ausuke mwingine. Bibi wa nyumba ile hakutuonyesha mkeka wa kutundikwa ukutani. Alikuwa ameketi juu ya mkeka wa zamani, uliotoboka pembeni, huku akisuka ukili wa mkeka mpya, vidole vikienda bila macho kuvitazama. Mjukuu wake wa kike, karibu naye, alikuwa na ukili mwembamba uliopinda kama njia ya mbuzi. Bibi akaufumua wote, akamrudishia, wala hakusema neno. Kama mkeka wa zamani ungalikuwa umehifadhiwa salama nyuma ya mlango, mtoto yule asingalijifunza kitu, kwa kuwa pasingalikuwa na haja ya mkeka mpya. Ni kadhalika kwa ungo wa kupepetea, kwa mwiko na kwa kinu. Ufundi wa mikono hukaa mahali palipo na uchakavu, na mlolongo huo ukikatika kwa kizazi kimoja tu, hakuna atakayekumbuka ukili huanzwa kwa miyaa mingapi.

Watu wa upande huu wa ziwa wanao mfano mkubwa wa haya. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande katika masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakikimbia, mafundi wake waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi; lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa za dizeli. Twaisifu grisi ile, lakini tukumbuke kwamba baada ya kuinuliwa meli haikuegeshwa ili watu waitazame. Ilipakia dagaa, magunia, wagonjwa na maarusi.

Yupo atakayetujibu kwamba mkanda wa picha sasa ni ghali na haupatikani Kigoma kwa urahisi. Ni kweli, wala hatumshauri mfanyakazi mwenye ada za shule za kulipa akanunue kamera ya zamani kwa ajili ya fahari. Twasema na yule ambaye tayari anayo. Mzee wa Ilagala huletewa mikanda miwili kwa mwaka na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, naye huisafisha mwenyewe ghalani usiku, kwa maji ya ziwa aliyoyachuja kwa kitambaa. Vitabu vyataka maji ya nyuzi 20. Ya kwake huwa na joto zaidi, basi hupunguza dakika.

Atajibu mwingine kwamba simu yatosha. Mwandishi wa maneno haya aliamini hivyo pia. Mwaka ule alipofiwa na mama yake, simu yake ilikuwa na picha zake nyingi, akipika, akicheka, akiwakaripia wajukuu. Baadaye simu ikamponyoka mtumbwini, ikazama, na picha zote zikaenda nayo. Iliyobaki ni moja ya karatasi, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na mtu wa studio ambaye jina lake halijulikani. Huko Unguja, studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imewaachia watu wengi nyuso za wazee wao, kwa sababu tu zilichapwa juu ya karatasi.

Tulipoaga, mkanda wa mzee ulikuwa na picha mbili zilizosalia. Moja alipigwa bibi akiwa na ukili mapajani, na aliyebonyeza ni yule mtoto wa kike, baada ya kumwelekeza bibi upande usio sawa mara tatu. Tuliomba ya mwisho tupigwe sisi wageni. Mzee alikataa kwa upole, akasema kwamba hiyo yangoja mkeka umalizike kushonwa.