Jike wa Msituni na Mwenziwe wa Barabarani

JICHO LA PWANI
Na Mwanahawa Shee

Ukitoka Gede kuelekea msitu wa Arabuko-Sokoke, kabla hujaifikia miti utampita kipepeo asiyetazamwa na mtu. Ana rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe, na huruka polepole kama mtu asiyedaiwa. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Makao yake ni palipo wazi: mashambani, kando ya barabara, viwanja vilivyoachwa.

Maringo hayo yana sababu. Kiwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe, na sumu ya utomvu ule hubaki mwilini hata baada ya kuota mbawa. Ndege akimla mmoja hutapika. Wa pili hamgusi.

Ndani ya msitu yuko Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu, na mbawa zake za nyuma zina mikia. Viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mndimu, wala hawana sumu ya kujivunia. Jike wa huku kwetu, kwa kawaida, hana mkia wala hafanani na mumewe. Baadhi yao wamevaa chungwa na ncha nyeusi, sare ileile ya yule wa barabarani. Wataalamu waliwahesabu kuwa vipepeo wa aina mbalimbali, mpaka Roland Trimen alipoandika mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja. (Ndege, nadhani, wanadanganyika hadi leo.)

Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha wanavijiji kufuga vipepeo wa msituni na kuuza mapupa ng'ambo. Nausifu. Anayepata ada ya mwanawe kwa sababu ya mti hana haraka ya kuukata. Ila tumezoea sasa kudhani kipepeo wa maana ni wa msituni tu.

Sare ya jike haimfai kitu kama ndege hajawahi kuonja sumu ya mwenye sare. Na mwenye sare anahitaji yale magugu tunayoyafyeka na kuyapulizia dawa kila mvua zikikatika. Bado yuko tele, nami sioni kwa nini tungoje aadimike.

Nyuma ya nyumba yangu nimeacha kipande hakijafyekwa. Jirani ameshaniuliza mara mbili kama ninaumwa.