TUCHAGUE KUMBUKUMBU ZIFAAZO

Atafutaye asili ya ukoo wake huko Naliendele, Mtwara, asianzie kwenye stakabadhi ya kodi. Mkoloni aliitoa ili apate fedha. Humtaja mlipaji, wala haimtaji mama yake, nao Wamakonde tangu kale huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Daftari la ubatizo, kwa Wakristo, aghalabu huwataja wazazi. Daftari la kijiji cha miaka ya 1970 laweza kuonyesha mtu alikohamia bila kutaja alikotoka, hata kama alivuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Akoseaye hapo hupoteza ndugu, na pengine mikorosho ya urithi.

Kwa hiyo, ndugu wanachama na wafanyakazi, twashauri: waulizeni kwanza bibi na wajomba, kisha itafuteni karatasi iwezayo kulijibu swali lenu. Fanyeni hivyo sasa, wazee wangali hai.