Wazee Wetu Wamelala Wapi?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili ni mwaka gani Vasco da Gama alifika Malindi, naye atakujibu 1498 kabla hujalimaliza swali. Kisha mwulize jina la babake babu yake. Aghalabu atainamisha kichwa, halafu atakuambia kwamba itabidi ampigie mamake simu. Silitaji jambo hili kwa kuwadhihaki vijana, maana walimu wao nao wakisailiwa hivyo, wengi watababaika vilevile. Tumefunzwa kwamba historia ni mambo ya watu wengine, na kwamba wa kwetu ni hadithi tu za jikoni.

Wakati wa likizo ya Agosti niliwachukua wapwa wangu wawili, wote wanafunzi, tukashika njia kutoka Mombasa hadi Taveta. Nia yetu ilikuwa kuutafuta ukoo wa marehemu mama yangu ulioko katika milima ya Taita. Hata hivyo, niliwaambia mapema kwamba tutayasoma makaburi yote tutakayoyakuta njiani, yawe ya jamaa au ya wageni. Kaburi ni hati. Lina lugha, lina tarehe na lina mwelekeo. Hapa pwani, kwa mfano, kaburi la Mwislamu hulazwa mashariki kwa magharibi ili maiti aelekee Kibla, nacho Kibla chetu ki karibu kaskazini kabisa. Hata jiwe likiwa limefutika maandishi, mwelekeo wenyewe unasema.

Tulianzia Nyali, kwenye kaburi la Rosina Krapf, mkewe mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki Julai mwaka 1844 pamoja na mwanawe mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Kaburi hilo linajulikana, limeandikwa vitabuni, na watalii hulizuru. Si mbali na hapo pana Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele yao ndiyo iliyopatia Kengeleni jina lake. Wengi wa waliowekwa hapo walitekwa mbali sana, miongoni mwao Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Walipobatizwa wakapewa majina mapya, mengi ya Kizungu, na yale waliyopewa na mama zao yakaachwa nyuma. Mjukuu wa watu hao akianza kuhesabu kurudi nyuma, hufika kwenye ubatizo akakwama. Kwake yeye makaburi ya Freretown ndiyo kijiji cha asili, hana kingine. Anayetazama uwanja kama huo na kuona ploti za kujengea maduka hajui anachokigusa.

Tulipofika Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846, mazungumzo yaligeukia vigango. Msomaji ambaye si wa pwani huenda hajui kwamba kigango si alama ya kaburi kwa maana ya kawaida. Miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya ndugu zao Wamijikenda, mzee wa chama cha Gohu huchongewa kigango baada ya kufa, aghalabu anapowatokea jamaa zake ndotoni akakidai. Kwa miaka mingi vigango viling'olewa usiku na wezi, vikauzwa kwa wafanyabiashara, vikavuka bahari. Mwaka 2019 jumba moja la makumbusho la Denver, Marekani, lilirejesha thelathini. Ni jambo la kushukuriwa, ila furaha haikukamilika. Vingi vya vigango vilivyoibwa havikuandikiwa vilitoka boma gani, kwa hivyo hata vikirudi Kenya haviwezi kurudi nyumbani. Mwizi alichukua gogo la mti, na pamoja nalo akachukua anwani.

Toka Voi tulishika barabara ya Taveta, nchi iliyopiganiwa na Waingereza na Wajerumani tangu Agosti 1914. Makaburi ya vita yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yametunzwa vyema: nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu. Hapo Taveta wamelala vijana wa Afrika Kusini waliouawa Februari na Machi 1916, huko Salaita, Latema na Reata. Wapwa wangu walipita safu moja baada ya nyingine wakisoma majina kwa sauti. Hatimaye yule mdogo akaniuliza, "Mjomba, na wapagazi je?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Waafrika waliobeba risasi na unga wa majeshi hayo, wale wa Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa wala si kwa risasi. Sanamu yao iko Nairobi katika barabara ya Kenyatta, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, waliofia vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Mwalimu wa historia atakayewapeleka wanafunzi Taveta na awafunze kuhesabu majina yaliyopo, kisha awaulize ni ya akina nani yaliyokosekana. Somo la pili ndilo zito.

Tulirudi hadi Mwatate, tukapanda Wundanyi. Wataita wa kale hawakuweka mawe yenye maandishi. Mzee alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo, pamoja na waliomtangulia. Desturi hiyo ilikoma Ukristo ulipoenea, lakini mapango yangalipo. Binamu ya mama, mzee wa miaka mingi, alituonyesha la kwetu kwa mbali. Hakuturuhusu kusogea, nami nilimwona yuko katika haki yake. Akaketi juu ya mwamba, akataja majina saba, mtu na babake, bila kusita. Wapwa wangu wakayaandika daftarini. Kati ya wanawe, alituambia, hakuna aliyewahi kumwuliza.

Hapo ndipo penye hatari. Jiwe laweza kungoja miaka mia. Mzee hangoji. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la makaburi, nazo zina wajibu wa kuyapima, kuyachora ramani na kuandika majina yote yanayosomeka kabla hayajamezwa na majengo au magugu. Lakini shule haina haja ya kuingoja kaunti. Darasa moja, daftari moja na alasiri moja ya Jumamosi zatosha kunakili makaburi ya kanisa au msikiti ulio jirani, kwa idhini ya wenyewe. Jiwe lenye ukungu lisikwanguliwe kwa kisu. Limwagiwe maji safi na lisomwe jua linapokuwa chini, maana kivuli huzitokeza herufi. Na kila mwanafunzi alete kutoka nyumbani majina manne ya kuumeni na manne ya kikeni, pamoja na mahali kila mmoja alipozikwa. Yule mpwa wangu mdogo ameshapata sita. Mawili yaliyobaki yanajulikana na nyanya mmoja tu, aliyeko Bura, na safari ya kwenda kwake tumeipanga Desemba.