Nani Aamuaye Kompyuta Iamkie Wapi?

Kila kompyuta, kabla ya kumwonyesha mwenyewe hata herufi moja, hutanguliwa na programu ndogo ambayo kazi yake ni kuutafuta mfumo endeshi ulipo, kuupakia na kuukabidhi mamlaka. Na rai yangu ni kwamba anayeiamuru programu hiyo itafute wapi ndiye mwenye chombo kwa hakika, hata kama risiti ya dukani ina jina la mwingine.

Katika kompyuta za mezani jambo hili halina taabu, kwani mtu hubonyeza kitufe, akachagua flashi badala ya diski, na Linux ikaamka. Ilhali katika vifaa vyenye prosesa za ARM kila bodi aghalabu ina kanuni yake, na fundi aliyeimudu moja huwa mgeni mbele ya nyingine. Chukua mathalan bodi ya Raspberry Pi, itokayo Cambridge, Uingereza, ambayo wengi huiendesha kwa kadi ya kumbukumbu, nayo kadi, kwa kuandikwa mfululizo na kwa umeme kukatika ghafla, huharibika bila kubisha hodi. Katika toleo la 3 la mwaka 2016, aliyetaka kuiamsha kwa USB ilimlazimu kutia mstari program_usb_boot_mode=1 katika faili la config.txt, akaiwasha mara moja, na hapo alama ikachomwa ndani ya chipu, alama isiyofutika tena (jambo la kutia hofu, ingawa halidhuru kitu). Toleo la 4 lilipotoka mwaka 2019 halikuweza kuamka kwa USB, hadi uwezo huo ulipoletwa mwaka uliofuata kwa kusasisha programu iliyomo katika bodi yenyewe. Humo mna mstari BOOT_ORDER=0xf41, usomwao kutoka kulia kama barua za wazee wetu wa pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: 1 ni kadi, 4 ni USB, na f ni amri ya kuanza upya. Mwenye kuandika 0xf14 ameitanguliza USB. Ila diski yenye kula umeme mwingi shurti ipewe chanzo chake, maana matundu yote ya USB ya toleo hilo kwa pamoja hayatoi zaidi ya ampea 1.2.

Sisemi kwamba njia hiyo ni nyepesi, bali imeachwa wazi na imeelezwa. Kinyume chake Microsoft, katika masharti yake ya Windows 8, iliwataka watengenezaji wa kompyuta za aina ya Intel wamwachie mnunuzi nafasi ya kuzima ukaguzi wa saini za programu wakati wa kuwasha, ikawakataza wa ARM kufanya hivyo hivyo. Hoja ya usalama naikubali, kwani programu ovu ikitangulia kuamka ni shida kuigundua baadaye. Lakini wangeweza kumruhusu mwenye mali atie saini zake mwenyewe. Surface RT ya mwaka 2012, tableti ya Microsoft yenye prosesa ya ARM, haikupewa njia ya kupanda hadi Windows 10, na waliofaulu baadaye kuitia Linux walipitia kasoro za ulinzi wake, si idhini ya aliyewauzia.